Mlango Usiomkataa Mtu

Nasra, binti yangu,

Amani ya Mola iwe nawe ulalapo na uamkapo. Masanduku yako yapo ukumbini, mjomba wako Hamad ameyafunga kamba kana kwamba yanakwenda Maka, nami sina la kuongeza juu ya dawa, mashuka wala jamaa wa kuwasalimia. Hayo shangazi zako wameshakwambia mpaka umechoka. Yangu ni mengine, na nimeona niyaandike, kwa sababu nikiyasema kwa kinywa nitahutubia, na wewe tangu udogo wako ukiona nimeanza kuhutubia hugeuka ukatazama dirishani.

Nataka kusema juu ya Bwana Sudi.

Wiki iliyopita alikaa hapa kwetu Wawi, mguu juu ya mguu, yeye anayenunua singo yangu ya kusingia mwili kwa niaba ya hoteli, akanywa kahawa yetu na akakuahidi chumba kizima mjini Unguja, karibu na soko, chenye mashine ya kusagia na rafu zilizokwishapigiliwa ukutani. Alisema ufike tu, utie saini, uanze kutengeneza kila kinachonukia: sabuni, mafuta ya nywele, ubani, singo ya mahoteli, maji ya kunyunyizia vyumba. "Mji ni mkubwa, mwanangu," alikwambia, "usiufungie mlango." Ukamjibu kwamba utafikiri. Kesho atakupokea gatini Unguja, na atataka jibu. Siku ile nilikuwa nimesimama na trei mkononi, nikanyamaza, mimi ambaye sijapata kunyamaza mbele ya mwanamume anayetoa ahadi. Ulinitazama ukitaka niseme neno. Barua hii ndiyo neno lenyewe.

Wewe unanijua mimi kuwa ni mwanamke anayenuka mchaichai, mwenye viganja vilivyopasuka. Hukunijua nilipokuwa chuoni Dar es Salaam, wenzangu wakiniita Jemadari. Nilikuwa nikipanda juu ya meza ya bwalo la chakula, maana ufupi wangu unauona, nikazungumza mpaka wapishi wakaacha masufuria yao. Nilisema kwamba biashara yote ya dunia imejengwa juu ya mlango na bawabu: wapo wanaoingizwa na wapo wanaorudishwa. Nilisema siku tutakapokuwa na chetu, mlango wetu hautamkataa mtu. Wenzangu wakapiga meza kwa vijiko. Nasra, upo ulevi usiotoka kwenye chupa, nao ni ule wa kusikia vijiko vikigongwa kwa ajili ya sentensi yako. Niliirudia sentensi ile hadi nikaiamini, na nilipokwisha kuiamini sikuiuliza tena swali lolote.

Nikarudi Pemba na shahada yangu. Kazi niliyoiomba haikuja. Walionitaka subira walikuwa wakikijua kinywa changu. Nikakaa na bibi yako, naye alikuwa mtengenezaji wa singo.

Wewe umezaliwa ukakuta singo ni unga wa kwenye ndoo. Niliyoikuta mimi ilikuwa kitu kibichi, karibu nikwambie kitu kilicho hai. Asumini iliyochumwa ingali imefumba, mawaridi, langilangi, karafuu zilizorowekwa, liwa. Vyote vikapondwa kinuni na kulainishwa kwa marashi. Bibi harusi akasingwa nayo mwili mzima siku zote anazowekwa ndani, mpaka ngozi ikameta na harufu ikamwingia mifupani. Wala haikuwa ikiuzwa kama chumvi. Somo wa bibi harusi, yule mwanamke anayemfunda na kumtunza, alikuja mwenyewe, akakaa mkekani, na mazungumzo yakaanzia kwa binti. Ni wa nani? Ngozi yake ikoje? Karafuu humuwasha? Huko anakoolewa wanapenda harufu ya juu au ya chini? Hapo ndipo kinu kilipooshwa, na kikishaoshwa kwa ajili ya huyo, hakikuingia singo ya mwengine mpaka harusi yake ipite.

Vinu vyetu vilikuwa vichache. Vikishapata wenyewe, bibi yako alimwambia aliyefuata kwamba kwake kumejaa, akampa kahawa, akamwelekeza kwa mtengenezaji mwengine, na mara nyengine akamsindikiza hadi njia panda. Mimi nikafedheheka. Nikamwambia mama yangu mzazi kwamba amejigeuza bawabu, kwamba anachagua watu, kwamba watu hawachaguliwi. Alikuwa akichambua maua, hakuinua hata uso. "Kama unavyo vinu vyengine tumboni," alisema, "vitoe."

Niliona kwamba nimemshinda hoja.

Mikono yake ilipochoka, kazi ikawa yangu, na mlango ukawa wangu. Nawe unaijua mila yetu: mtu akiingia uani kwako, akavua viatu, akataja shida yake, kumwambia "sina" ni kama kumvunjia chombo. Mteja tunamwita riziki iliyotumwa. Nikaichukua mila hiyo ya wazee wangu, nikaivisha joho la chuoni, na mila na falsafa zikishashikana mikono hakuna akili inayoweza kupita katikati yake. Nikatangaza mtaani kwamba mlango huu haumkatai mtu.

Basi wakaja. Alikuja mchuuzi wa samaki akitaka kitu cha kutolea shombo mikononi, nikamtengenezea. Alikuja mwanamke anayetaka nywele zikue. Nikamtengenezea, na nywele hazikukua, akaja kuniuliza mbele za watu kama mafuta yale yalikuwa ya kukuza au ya kuzuia. Akaja mzee mwenye maumivu ya kiuno. Akaja dereva wa Wete akitaka singo ya kunukizia gari lake, kwa sababu abiria wanalalamika. Nasra, bibi harusi alikuwa amewekwa ndani akisubiri, somo wake amekaa mkekani, na mimi mwenye shahada niko uani nikibishana na dereva juu ya harufu ya viti vya gari. Sikuona kichekesho. Niliona ukombozi.

Nikupe mwanga mmoja kabla ya giza, ili usidhani kwamba sikupata kuijua kazi hii. Katika miaka yangu ya mwanzo alikuja binti wa Msuka, amefuatana na shangazi yake aliyekuwa ndiye somo. Baba yake alikuwa akianika dagaa. Shangazi ndiye aliyesema yote, na binti ameinama, hadi nilipomwuliza mwenyewe anataka nini. Akasema taratibu sana: "Mie sitaki harufu ya kwetu ifike ukweni kabla yangu." Hakuna kitabu nilichokisoma chuoni kilichonieleza shida ya mtu kwa uzito wa maneno yale. Niliacha mambo yote. Nilipunguza karafuu, maana karafuu ilikuwa ikipigana na ile harufu badala ya kuituliza. Nikatia maua ya mkadi na majani ya mdimu, nikamjaribia mkononi, nikaosha, nikajaribu tena. Siku ya mwisho alijinusa kiwiko, akacheka, akaninyooshea nami ninuse. Baada ya harusi yake alikuja mdogo wake, kisha binamu zake, kisha majirani zao. Sikuwahi kwenda Msuka kutafuta mtu. Msuka ilishika njia ikanifuata.

Wala hawakuwa matajiri. Hapa ndipo nilipokosea hesabu za chuoni. Nilidhani kumchagua mteja ni kumchagua mwenye nacho na kumfukuza fukara. Ni nani aliyenambia hivyo? Binti wa mwanika dagaa ndiye aliyekuwa mteja wangu hasa, kwa kuwa shida yake niliijua na dawa yake ilikuwa mikononi mwangu; na mwenye hoteli, kwa utajiri wake wote, hakuwa. Bawabu huuliza, "Una nini?" Mimi ningeuliza, "Unahitaji nini, na je, ni mimi wa kukupa?" Maswali hayo hayafanani hata chembe. Lakini nilikuwa nimekwishapigiwa vijiko kwa swali moja, la pili sikulitafuta.

Ndipo ilipokuja hoteli. Mjumbe wao alikuwa Bwana Sudi, kijana wakati huo, mwenye adabu, aliyevua viatu kabla hajaambiwa. Walitaka singo kavu, idumu miezi bila kuharibika. Walitaka rangi moja daima. Walitaka karafuu ipungue, kwa sababu wageni wao hupiga chafya, na mchaichai uzidi, kwa sababu wageni wao wameuzoea. Ningeweza kusema kwamba hiyo si singo. Ningeweza kumwelekeza kwa msagaji yeyote wa viungo. Lakini mlango haumkatai mtu, na Bwana Sudi alikuwa mtu.

Vinu vikaenda stoo, ikaja mashine.

Nikuhadithie siku ambayo nimeikumbuka zaidi kuliko siku ya mahafali yangu. Alikuja Bi Mwanaidi wa Pujini, somo aliyefunda nusu ya mabibi harusi wa upande huu, mwanamke mnene mwenye ulimi wa wembe, ambaye alikuwa akija kwetu tangu enzi ya bibi yako. Wanawake wa mtaa walikuwa uani wakianika maua. Nikamwekea mbele ndoo ya unga, nikamwambia achote kiasi anachotaka, aongeze marashi huko huko nyumbani. Alichota kidogo kiganjani, akanusa, akanitazama.

"Hii ya nani?"

"Ya yeyote, Bi Mwanaidi. Sasa hivi ipo tayari, huna haja ya kusubiri."

"Ya yeyote," alirudia. Akakung'uta kiganja. "Basi mpelekee huyo Yeyote, akaolewe nayo. Mie nina bibi harusi, jina lake Saumu."

Ningenyamaza, huenda angekaa. Ningesema, "Nipe siku mbili nikitoe kinu," angekaa hakika. Nikahutubia. Nilimweleza kwamba mila si jiwe, ni mto. Kwamba kinachotengenezwa kwa wengi hakipungui thamani ila kwa wale waliozoea kupewa peke yao. Kwamba hata Saumu ni mmoja katika umma. Nilisema vizuri, Nasra. Wanawake uani waliacha kazi, na mmoja akapiga kigelegele. Bi Mwanaidi alisikiliza yote, akajifunga buibui lake, akavaa viatu, akasema, "Mwanangu, umesema. Ila Saumu harusi yake ni Alhamisi."

Akaenda zake. Nilishinda hoja, nikampoteza mteja. Na huyo hakuwa mteja mmoja, alikuwa mlango wa Pujini yote. Baada yake waliacha kuja wa Pujini, kisha wa Msuka, na mwisho wakaacha wa hapa Wawi, ambao husikia kinu kikipigwa kwengine na kufuata mlio. Hakuna aliyenigombeza. Waliponikuta sokoni walinisalimu kwa heshima zote, wakaniuliza hali ya hoteli.

Utaniuliza, kama ulivyoniuliza mara moja kwa hasira, kwa nini siachi. Ulikuwa na haki ya kukasirika, na sikukujibu. Nakujibu sasa.

Mashamba ya asumini nyuma ya nyumba niliyang'oa mwenyewe, nikapanda mchaichai, kwa sababu hoteli haina haja ya asumini. Chumba ulichokuwa ukilala na bibi yako kimekuwa stoo, na ukumbi nao unakaribia. Wanawake wa mtaa waliacha kusuka ukili na kulima mwani wakaja kunianikia. Watoto wao wanasoma kwa ujira wa mikeka ile ya maua iliyotandikwa uani kwangu. Na mimi pua yangu imekufa. Hilo sijamwambia mtu. Nikiwekewa asumini na mchaichai nimefumba macho, sitofautishi tena. Mtengenezaji wa singo asiyenusa, huyo aende wapi? Aanze upya na nini?

Nilijaribu kutoka, mwaka juzi. Niliwakusanya wanawake wote nikawaambia kwamba nataka kupunguza kazi ya hoteli, nirudishe vinu, nitafute mabibi harusi tena. Bi Asha jirani yetu, ambaye unajua hana hila hata kidogo, na aliyelisikia jina langu la chuoni kwangu mwenyewe, akaniambia, "Jemadari wetu, si weye uliyesema mlango huu haumkatai mtu? Sasa sie ni watu ama si watu?" Wakacheka wote. Nami nikacheka. Nikautandika tena mkeka. Nilikuwa nimejenga gereza kwa maneno yangu mwenyewe, maneno mazuri, yaliyonyooka, yasiyo na ufa hata mmoja wa kupenyea. Na walinzi wake ni watu ninaowapenda, na funguo hawana, kwa kuwa hawajui kwamba nimefungwa.

Bwana Sudi si mtu mbaya. Huo ndio ugumu wa jambo lenyewe. Hajapata kunidhulumu. Angekuwa mwovu ningempandia juu ya meza. Lakini mtu ambaye hakukosei chochote, ila tu hana haja na kile unachokijua, huyo humpigi vita. Unamtumikia tu, mwaka baada ya mwaka, na kile unachokijua kinakauka.

Sasa nije kwako. Kuna siku ulikuwa ukimenya muhogo jikoni, ukanambia, bila ya kuinua kichwa, kwamba ungepata pa kuanzia ungewahudumia wanawake waliojifungua tu, wale walio ndani ya arobaini. Ungewafuata majumbani. Ungewasinga wao peke yao, kwa singo nyepesi isiyo na karafuu, kwa sababu ngozi ya mtoto hulala juu ya ngozi ya mama, na kinachomuwasha mmoja humuwasha mwengine. Nikacheka. Nikakwambia, "Kwa hiyo watu wazae ndio wewe ule?" Ukaendelea kumenya. Hukulitaja tena jambo hilo, wala mimi.

Natamani ningekata ulimi wangu kabla ya kicheko kile. Hukuwa ukisema upuuzi. Mimi nimetengeneza singo umri wako wote na sikupata kufikiri juu ya shavu la mtoto mchanga kwenye kifua cha mama yake. Ulikuwa umeshamjua mtu wako: unajua amelala wapi, anaogopa nini, nani amelala juu yake. Hilo ndilo nililokuwa nalo kwa binti wa Msuka, nikaliuza kwa makofi.

Sikwambii umkatae Bwana Sudi. Nimeshaona amri zangu zinavyoishia. Chumba chake ni cha kweli, na nyumba ya mama yako mdogo utakayofikia huko Ng'ambo ya Unguja ni ndogo. Ukikataa, utatengenezea singo jikoni kwake, mlangoni pake mtapishana na masufuria, na miezi ya mwanzo itakuwa mitupu kiasi cha kukutoa machozi. Najua pia kwamba mtu akija kwako na shida isiyo yako, moyo wako utasononeka kumwambia hapana, maana umelelewa katika nyumba hii. Mwambie. Kisha mwelekeze kwa anayeiweza shida yake, na umpe kahawa. Nilichelewa kuelewa kwamba njia panda aliyokuwa akiwasindikiza watu bibi yako ilikuwa ni heshima kamili, na kwamba mimi niliyewaingiza wote ndani sikumheshimu hata mmoja wao, kwa sababu hakuna niliyemsikiliza hadi mwisho wa sentensi yake. Riziki hutoka kwa Mungu na haina mpaka. Mikono ni yangu, na ina mpaka, na sikutaka kuamini.

Limebaki jambo moja, nami nimelichelewesha kwa woga.

Kesho sitakuja bandarini Mkoani.

Gari la hoteli linakuja kuchukua mzigo asubuhi ile ile boti yako inapoondoka. Nikikosekana litarudi tupu, na kazi ya wiki nzima ya wanawake hawa itaozea uani. Nilimwomba Bwana Sudi asogeze siku. Aliniambia kwa upole kwamba ratiba si yake, kisha akaniliwaza: "Bi Zuwena, mtoto anakwenda Unguja tu, haendi mwisho wa dunia." Nikacheka ili asione vibaya. Nilicheka, Nasra, na mtoto mwenyewe ni wewe.

Mjomba wako Hamad atakupeleka. Alitaka kukwambia kwamba nimepatwa na homa, nikamkataza. Sina homa. Wakati utakapokuwa ukipanda ngazi ya boti, mimi nitakuwa nafunga vifuniko vya ndoo za watu nisiowajua majina wala ngozi, na hakuna hata mmoja wao atakayejua kwamba nilikuwa na pa kwenda asubuhi hiyo. Utanitafuta gatini kwa mazoea, hutaniona. Usilie, na mtu akikuuliza, usinitetee. Patazame tu pale nilipostahili kusimama, upatazame mpaka boti igeuke, kisha ukishuka Unguja umpe Bwana Sudi jibu lako.

Mama yako,
Zuwena